Nasaha na Stihizai: Risala ya Kupambanua Baina ya Kumwonya Mtu na Kumcheka

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu akamjaalia ulimi wa kubainisha yaliyomo moyoni. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye hakuwa mtukanaji wala mwenye maneno machafu, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo yametengana mbali kabisa. La kwanza ni nasaha, nayo ni kumwonyesha mtu kosa lake ili aliache. La pili ni stihizai, nayo ni kulionyesha kosa lake kwa watu ili wacheke. Yote mawili hutaja aibu ya mtu, na yote mawili huweza kuwa kweli tupu, kwani mwenye stihizai akilaumiwa hakosi kuuliza, "Je, nimesema uwongo?" Kwa hiyo wengi hudhani ya kuwa neno maadamu ni kweli basi halina lawama. Na wengine, kwa kuogopa lawama, hunyamaza kabisa, wakakiita kimya chao heshima. Wale wa kwanza wamedhulumu, na hawa wa pili wamekhini. Risala hii imekusudiwa kuonyesha njia iliyo baina yao, kwa sababu mwenye kuipotea huharibu mambo makubwa mawili: ibada ya Mwislamu mwenziwe, na amani yake na jirani zake.

MLANGO WA KWANZA: MGENI WA PWANI NA IMAMU WA BARA

Na achukue msomaji mfano wa Kibara. Kibara ni mji mdogo wa wilaya ya Bunda, katika mkoa wa Mara, upande wa Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Barabara ya huko yaenda mpaka Kisorya, ambako watu huvuka mlango wa maji kwenda Rugezi, katika kisiwa cha Ukerewe. Wakaao nchi hiyo ni Wajita na Wakerewe na Wasukuma na wengineo, wavuvi na wakulima. Walio wengi ni Wakristo, miongoni mwao Wakatoliki na Waadventista wa Sabato na Wamenoni. Na Waislamu wako, ila ni wachache.

Mtu wa pwani afikapo huko, awe ametoka Tanga au Bagamoyo au Kilwa, kwa biashara ya dagaa au kwa kazi ya serikali, hupewa cheo asichokuwa nacho kwao. Kwao ni mmoja katika watu. Huko huonekana mtu wa chuoni: Kiswahili chake kimenyooka, kofia yake ni ya viua, na Kurani aliisoma utotoni mbele ya mwalimu. Basi na akadirie msomaji ya kuwa mtu huyo amesimama katika safu ya Magharibi, na imamu ni mzee wa hapo, mvuvi aliyesilimu akiwa mtu mzima. Mzee akaisoma Fatiha, na ulimi wake ukaigeuza R kuwa L, na Ain ukaipoteza. Hapo mgeni yule ametiwa katika mtihani, naye pengine hana khabari.

Aweza kufanya moja katika matatu. Aweza kunyamaza, akajisemea, "Mzee wa watu, nimwache na heshima yake." Aweza kungoja mpaka usiku, penye kahawa na vijana wamekaa, akakiigiza kisomo cha mzee yule kwa sauti ile ile, watu wakavunjika mbavu kwa kucheka. Na aweza kumngojea mzee mlangoni watu wakisha ondoka, akamshika mkono, akamwambia, "Mzee wangu, je, utaniruhusu tukae pamoja siku mbili tatu baina ya Magharibi na Isha, tuipitie Fatiha?"

Kwanza na tukitazame kimya, kwa kuwa watu wema wengi huangukia huko. Katika madhehebu ya Imamu Shafii kuisoma Fatiha ni nguzo katika kila rakaa, na kugeuza herufi yake kwa herufi nyingine si jambo dogo. Wanavyuoni wamesema: aliyeweza kujifunza akaacha, sala yake haisihi, na asiyeweza, au asiyepata bado wasaa wa kujifunza, sala yake ni sahihi, na aweza kumsalisha aliye mfano wake. Ama ajuaye kuisoma sawasawa, kumfuata asiyeijua hakumfai, kwa kauli iliyo na nguvu katika madhehebu. Basi mgeni yule akinyamaza, ameiacha sala ya mzee khatarini, na yake mwenyewe pia, kwa ajili ya kuhifadhi uso wa mzee. Hiyo si heshima. Heshima gani ya kumwacha mtu na nguo iliyopasuka mgongoni, apite nayo sokoni, kwa kuwa waona haya kumwambia?

Na mfano huu wa nguo si wa kubuni. Wanavyuoni wa lugha wametaja ya kuwa neno nasaha lina asili katika kushona, na mshonaji kwa Kiarabu huitwa nasih, na Imamu Nawawi ameitaja maana hiyo alipoisherehesha Hadithi aliyoipokea Tamim Ad-Dari (r.a.), ambayo Mtume (s.a.w.) amebainisha humo ya kuwa dini ni nasaha. Basi mwenye nasaha ni mtu aliyeuona mpasuko katika nguo ya nduguye akatia sindano na uzi. Na mwenye stihizai ameuona mpasuko ule ule; tofauti yake ni kwamba yeye ametia vidole akautanua, ili mwili uonekane. Macho ya wawili hawa yameona kitu kimoja. Mikono yao ndiyo iliyotofautiana.

MLANGO WA PILI: UBAYA WA STIHIZAI

Mwenyezi Mungu amekataza katika Sura ya Hujurat, Aya ya 11, wanaume wasiwafanyie stihizai wanaume wenzao, wala wanawake wanawake wenzao. Na sababu aliyoitaja ni kwamba huenda wanaochekwa wakawa ni bora kuliko wanaocheka. Kisha akakataza kutiana aibu na kuitana kwa majina mabaya. Na msomaji na aizingatie sababu hiyo. Hakusema kwamba wanaochekwa hawana kosa. Kosa huenda wanalo. Lakini mizani ya watu haiko mkononi mwa mwenye kucheka.

Na hilo lilidhihiri katika zama za Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Abdullahi bin Masud (r.a.) alikuwa mtu mwembamba wa miguu. Siku moja upepo ulimfunua miundi, masahaba wakacheka. Mtume (s.a.w.) akawauliza wanachokicheka ni nini, kisha akawaapia ya kuwa miguu ile katika mizani ni mizito kuliko jabali la Uhud. Na Abu Dharr (r.a.), pamoja na ubora wake, aligombana na mtu akamtukana kwa mama yake, ambaye hakuwa Mwarabu, Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba ndani yake mngalimo mabaki ya ujahili. Tazama: hakuulizwa kama mama wa mtu yule ni Mwarabu au siye. Neno lilikuwa kweli, na juu ya hayo lilikuwa ni ujahili.

Imamu Ghazali, katika Ihyaa, ameihesabu stihizai katika maafa ya ulimi. Akaeleza kuwa maana yake ni kumdharau mtu na kuzitaja aibu zake na upungufu wake kwa namna ichekeshayo. Na kwamba hufanyika kwa kuiga mwendo wake au maneno yake, na hufanyika pia kwa ishara tu. Basi anayekonyeza jicho safuni hana udhuru kwa kuwa hakutamka neno.

Na mtu wa pwani anayekicheka kisomo cha bara na ajisikilize mwenyewe kwanza. Waarabu wana herufi tatu zilizo mbalimbali: Dhali na Dha na Dhad. Hiyo ya tatu ni ngumu sana, hata wao huiita lugha yao lugha ya Dhad kwa kujifakhiri nayo. Mswahili amezifanya zote tatu kuwa kitu kimoja. Asema dhahabu, asema adhuhuri, asema Ramadhani, na ulimi wake umekaa mahali pale pale katika yote matatu. Na hata kadhi, ambaye ndiye mwamuzi wa sheria, jina lake limeingia katika Kiswahili kwa herufi isiyokuwa yake. Na Dhad hiyo imo katika Fatiha mara mbili, katika Aya yake ya mwisho. Basi lau Mwarabu wa Hijazi angesimama nyuma ya imamu wa Mrima, naye akataka kucheka, asingekosa sababu. Mtu wa pwani alifundishwa na mwalimu aliyekuwa na subira, tena naye mwalimu huyo alifundishwa. Kilichomtofautisha na mzee wa Kibara ni kwamba yeye alizaliwa karibu na chuo, wala hakuuchagua yeye mwenyewe mji wa kuzaliwa.

MLANGO WA TATU: ALAMA ZA KUWAPAMBANUA

Mtu akiuliza, "Nitajijuaje mimi ni mwenye nasaha au ni mwenye stihizai, na moyo hudanganya?" jawabu ni kwamba ziko alama.

Alama ya kwanza ni mahali. Imepokewa kutoka kwa Imamu Shafii maana hii: amwonyaye nduguye kwa siri amemnasihi na kumpamba, na amwonyaye hadharani amemfedhehi na kumtia ila. Nasaha haihitaji watazamaji, na stihizai bila ya watazamaji hufa. Mwenye kutaka kujua ni lipi analolitaka, na ajiulize kama angelisema neno lake lau hapakuwa na mtu wa kucheka.

Alama ya pili ni kwamba nasaha hulishika kosa, na stihizai humshika mtu. Mwenye nasaha husema, "Herufi hii hutoka hapa." Mwenye stihizai husema, "Ninyi watu wa bara ndivyo mlivyo." Lile la kwanza lina dawa, kwani herufi hufundishika. La pili halina dawa, maana mtu hawezi kuzaliwa mara ya pili Pangani.

Alama ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni hali ya moyo kosa likiondoka. Mzee akijifunza, akaja siku ya Ijumaa akaisoma Fatiha sawasawa, mwenye nasaha hufurahi kama aliyepata mtoto. Mwenye stihizai hupungukiwa, kwa sababu amenyang'anywa kicheko chake. Hii ndiyo siri ya jambo lote: nasaha hutaka kosa liondoke na mtu abaki, na stihizai huhitaji kosa libaki, hata kama mtu ataondoka. Na wangapi wameondoka! Mtu mzima aliyesilimu akachekwa mara moja katika kisomo chake huona haya kufungua kinywa mbele ya watu. Huacha darasa, kisha huacha jamaa, kisha husali nyumbani kwa kosa lile lile mpaka anakufa. Aliyemcheka ameshasahau, naye sala zile zote ana sehemu yake katika upungufu wake.

Muawiya bin Al-Hakam As-Sulami (r.a.) alisilimu karibu, akasali nyuma ya Mtume (s.a.w.). Mtu mmoja akapiga chafya, Muawiya akamwombea rehema kwa sauti ndani ya sala. Watu wakamkodolea macho, naye akazidi kusema. Sala ilipokwisha, Mtume (s.a.w.) hakumkemea, wala hakumpiga, wala hakumtukana. Alimfahamisha tu ya kuwa katika sala hapafai kitu katika maneno ya watu, bali ni tasbihi na takbiri na kisomo cha Kurani. Na Muawiya mwenyewe ndiye aliyeipokea khabari hii, akashuhudia ya kuwa hakuona kabla yake wala baada yake mwalimu aliye bora katika kufundisha. Basi kosa lilitajwa, halikufichwa. Na mwenye kosa akawa mpokezi wa Hadithi. Lau angechekwa siku ile, umma ungeikosa elimu hiyo kwake.

Huenda mtu akasema, "Huu ni mzaha tu, na pwani na bara ni watani." Jawabu: mzaha haukukatazwa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya mzaha, ila hakusema katika mzaha wake lisilokuwa kweli, wala hakumvunja mtu moyo. Na utani una sheria zake, wazee walizijua. Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu zama za misafara, mmoja akamwita mwenziwe mtumwa wake, na huyo akamrudishia kwa kubwa zaidi. Kisha mmoja akifiwa, mtani wake ndiye atangulizwaye kazini msibani. Basi utani ni wa watu wawili waliokubaliana, kila mmoja ana haki ya kurudisha, na nyuma yake iko deni ya kuzikana. Mgeni anayemwigiza mzee aliye mbali, asiyeweza kumrudishia, wala hatakuwapo siku ya maziko yake, huyo si mtani. Ameazima jina la utani ili aufunike udhalimu.

MLANGO WA NNE: KATIKA KUJADILIANA NA WASIOKUWA WAISLAMU

Yaliyotangulia ni baina ya Waislamu wenyewe. Ama baina yao na watu wa dini nyingine, jambo ni lile lile, na khatari yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa huko stihizai ya mtu mmoja hulipwa na watu wengi.

Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Nahl, Aya ya 125, kulingania kwa hekima na mawaidha mema na kujadiliana kwa njia iliyo bora. Na katika Sura ya Ankabut, Aya ya 46, akaitaja njia hiyo khasa kwa Watu wa Kitabu. Na alipowatuma Musa na Harun (a.s.) kwa Firauni, mtu aliyejidai uungu, aliwaamuru wamwambie neno laini. Wala hapana anayehutubu leo aliye bora kuliko Musa, wala hapana msikilizaji aliye muovu kuliko Firauni.

Pwani yetu ina mfano wake. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani Al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, akawa kadhi Kilwa, kisha Unguja, na akafariki mwaka 1896. Katika zama zake walikuja Unguja wamisionari wa Kiingereza wa UMCA, miongoni mwao Edward Steere, aliyefika mwaka 1864 na baadaye akawa askofu wao. Sheikh Abdulaziz alijadiliana na wamisionari juu ya dini, wala hakuwafichia itikadi yake. Na pamoja na hayo Steere ameandika, katika dibaji ya kitabu chake cha kufunza Kiswahili, ya kuwa Sheikh alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka katika Kiarabu kwa Kiswahili kilicho safi. Ila Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na lugha yake ilikuwa ya kisomi mno kwa haja yao. Basi watazame watu: mtu na mshindani wake katika dini, kila mmoja aona mwenziwe amekosea katika jambo lililo kubwa kuliko yote, na mmoja amsaidia mwenziwe katika elimu, na yule wa pili amwandikia shukrani. Hapana aliyeiacha dini yake.

Na huo ndio mwendo wa Imamu Shafii, ambaye baada ya kushindana na Yunus As-Sadafi katika mas-ala, walipokutana tena alimshika mkono akamwuliza kama haifai wao kuwa ndugu, hata wasipoafikiana katika jambo moja.

Na Tanzania ina mfano mwingine, nao ni wa huzuni. Tangu miaka ya 1980 ilienea mihadhara ya hadharani ambayo wahubiri wa Kiislamu walijadili humo maandiko ya Wakristo, na Wakristo nao wakawa na mihadhara yao. Wakristo wakalalamika kuwa dini yao inakashifiwa. Waislamu wakajibu ya kuwa kusema Isa si Mungu si kashfa, bali ni itikadi yao. Ugomvi huo ukafika serikalini, na mwezi wa Februari mwaka 1998 ukafika msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam: watu wakakamatwa, na tarehe 13 ya mwezi huo polisi wakapiga risasi, watu wakauawa. Roho zilipotea, na neno lililogombaniwa lilikuwa ni hili hili la risala hii: je, huku ni kuhoji au ni kukashifu?

Basi na lipambanuliwe. Mwislamu akisema kwamba Isa mwana wa Maryamu (a.s.) ni mja wa Mungu na Mtume wake, wala si Mungu, ametangaza itikadi yake, na Mkristo hana haki ya kuliita tusi, kama vile Mwislamu hawezi kumshurutisha Mkristo akiri utume wa Muhammad (s.a.w.), kwani lau angekiri angekuwa Mwislamu. Kukhitilafiana si kutukanana. Lakini Mwislamu akiigiza kwa kejeli jinsi padri anavyosimama madhabahuni, au akaufanyia mzaha msalaba mbele ya umati unaocheka, hapo hakuongeza hoja hata moja. Hoja ilikwisha kusemwa. Kilichoongezwa ni maumivu tu. Na sheria ya nchi nayo imepambanua: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika vifungu vya 125 na 129, haikukataza watu kukhitilafiana katika dini, bali imekataza kuitukana dini ya watu na kusema kwa kusudi la kuumiza nyoyo zao katika dini yao.

Na kabla ya sheria hiyo, Mwenyezi Mungu amekataza katika Sura ya An-am, Aya ya 108, Waislamu wasiyatukane yale wanayoyaomba wengine badala yake, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui na bila ya elimu. Maana yake ni kwamba mwenye kuanza tusi amelifungulia mlango tusi la pili, na la pili litampata aliye mtukufu kuliko wote.

Suala: Mtu akisema, "Je, Nabii Ibrahim (a.s.) hakuwafanyia stihizai washirikina? Aliyavunja masanamu, akaliacha kubwa lao, na alipoulizwa akawaambia waliulize hilo kubwa."

Jawabu: Neno la Ibrahim lilikuwa ni hoja, wala halikuwa kicheko. Lilikusudiwa kuwarudisha katika akili zao, na Kurani yashuhudia katika Sura ya Anbiyaa kwamba walijirudi nafsini mwao wakakiri kuwa wao ndio madhalimu, ijapokuwa baadaye waligeuka. Tena alilisema mbele ya wenye nguvu, naye ni kijana peke yake, na malipo yake yakawa moto. Hakuwa na umati nyuma yake wa kumshangilia. Basi anayetaka kumfuata Ibrahim katika neno lake na atazame kwanza amesimama upande gani wa moto.

Suala: Akisema, "Na wakitukanwa Mtume wetu na Kitabu chetu, tufanye nini?"

Jawabu: Imeamrishwa katika Sura ya Nisaa, Aya ya 140, ya kuwa Waislamu wakisikia Aya za Mungu zinakataliwa na kufanyiwa stihizai, wasikae pamoja na wasemao hayo mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Na katika neno hilo la mwisho iko elimu kubwa. Kuondoka kumewekewa mpaka. Wakiliacha lile, kukaa nao kwarejea, na ujirani warejea. Hakuamrishwa mtu kuchoma nyumba.

Na mwezi wa Oktoba mwaka 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana. Mmoja alisema ya kuwa anayeidhalilisha Kurani hugeuka kiumbe kingine. Mwenziwe, katika ubishi huo, akaikojolea. Lilikuwa tendo ovu, lakini lilikuwa la mtoto, nalo lilitokana na ubishi wa kitoto. Umati ukakusanyika, na mwisho wake makanisa yakashambuliwa na kuchomwa moto. Mwenye akili na ajiulize: makanisa yale yalikuwa na hatia gani? Na Kurani ilipata utukufu gani kwa moto ule ambao haikuwa nao kabla? Kitabu ambacho Mwenyezi Mungu ameahidi mwenyewe kukihifadhi hakihitaji kiberiti cha mtu.

KHATIMA

Na msomaji na arejee Kibara, kwa mgeni yule. Akifika na stihizai, akamwigiza imamu wa Waislamu usiku huu, na kesho akawafanyia kejeli Wakristo penye soko la samaki, siku ya tatu atapanda gari arudi kwao, naye ana visa vya kuwachekesha watu barazani. Lakini Waislamu wachache wa hapo hawana gari la kupanda. Watabaki na imamu aliyevunjika moyo, na jirani aliyeumizwa. Jirani huyo ndiye huchota nao maji ziwani, na ndiye huvua nao usiku katika mtumbwi mmoja. Upepo ukiwageukia, roho ya mmoja iko mkononi mwa mwenziwe. Ulimi wa mgeni umekata kamba ambayo wao wameishikilia kwa miaka, naye hatakuwapo kuifunga.

Na akifika na nasaha, akakaa na mzee yule jioni kumi baina ya Magharibi na Isha, akamtamkia herufi na mzee akairudia, basi akiondoka ameacha Fatiha iliyonyooka. Mzee atawasomesha wajukuu, nao watawasomesha wao, na kila rakaa itakayosaliwa kwa kisomo kile mgeni ana fungu lake, naye yuko Tanga amelala. Na Mkristo aliyemsikia akijibu suala la dini kwa upole, hata kama hakusilimu, atajua ya kuwa Mwislamu aweza kumwambia mtu "umekosea" pasipo kumwambia "wewe si kitu".

Basi neno la kweli ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe mkononi. Haitupwi njiani watu waikanyage. Aliyeona kosa na aseme, wala asinyamaze. Na kabla hajasema, na atazame mkononi mwake ameshika nini, kama ni sindano au ni kucha.

Ee Mwenyezi Mungu, zitakase ndimi za Waislamu na dhihaka, na vifua vyao na kiburi. Wajaalie wenye elimu wawe na huruma kwa wanaojifunza, na wanaojifunza wasione haya. Waghufirie waliocheka na waliochekwa, na uwakutanishe katika rehema yako. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Wal-hamdu lillahi Rabbil-alamin.